Kimya Kwenye Parc ya Papa Édouard

Papa Édouard alipouza ng'ombe wake wa mwisho na kuanza kujenga mahali pa watoto kuchezea, watu wa Kirotshe walisema akili yake imebaki kule malishoni Karuba pamoja na wale ng'ombe wengine walioporwa. Hawakusema kwa ubaya. Walisema huku wamebeba mbao zake begani, maana wengi walikuja kumsaidia. Yeye aliwajibu kwamba ng'ombe mtu humswaga kwa fimbo akaenda naye, lakini bembea mwizi ataipeleka wapi, na atamuuzia nani.

Kiwanja kilikuwa kwenye mteremko, barabara juu, ziwa chini. Watu walikiita parc, kama alivyokiita mwenyewe. Upande mmoja palikuwa na bembea za kamba. Upande wa chini alichimba kidimbwi kisichofika magotini mwa mtu mzima, akaweka humo vimtumbwi vya mbao. Katikati, mahali pa heshima, palikuwa na manège: gurudumu pana la mbao lililolazwa juu ya ekseli ya lori bovu, likisukumwa na wanaume wawili, na juu yake ng'ombe wa mbao wa kupandwa na watoto. Shingoni mwa kila ng'ombe alifunga kengele ya kweli. Kengele hizo alikuwa nazo kwa sababu alizivua siku ile alipowaficha ng'ombe wake vichakani, ili wasisikike. Walipatikana hata hivyo. Kengele zikabaki.

Kilichokosekana ni mtu wa kupanga sauti. Papa Édouard alikuwa ameona mahali kama hapo zamani, katika safari zake za biashara, na alichokumbuka zaidi si vile vyombo vya kupanda, bali jinsi muziki ulivyomchukua mtu mlangoni na kumtembeza hadi ndani bila yeye kujua kwamba anatembezwa. Alitaka hivyo. Akaenda nyumbani kwa Mama Dorothée kumtafuta mkwe wake, Joséphine-Marie, kwa maana alisikia kwamba huko Walikale ndiye aliyekuwa akiongoza chorale, kwaya ya parokia.

Kwanza alimwomba aimbe kwenye mikro, kile kipaza sauti, na sauti yake iwekwe mlangoni. Joséphine-Marie alisema hapana. Alisema kwa upole, kama mtu anayekataa chakula kwa kuwa ameshiba. Papa Édouard alimwangalia, akamwangalia na Mama Dorothée aliyekuwa akichambua maharagwe kando, akaelewa kwamba amegusa pasipoguswa. Akasema basi, sauti abaki nayo, amkopeshe masikio tu.

Pasipoguswa penyewe palikuwa hivi. Mume wa Joséphine-Marie, Luc, mtoto pekee wa Mama Dorothée, alichukuliwa kwenye njia ya msituni Walikale. Watu wenye bunduki waliwasimamisha waliokuwa wakikimbia, wakachagua wanaume wa kuwabebea mizigo. Luc alikuwa amembeba binti yao Naomie mabegani. Alimshusha, akamfunga vizuri kitambaa cha kichwani, akamkabidhi Joséphine-Marie, akaenda. Tangu hapo hakuna aliyeleta habari, nzuri wala mbaya. Joséphine-Marie alikuja na mtoto Kirotshe kwa mama mkwe, na mama mkwe aliwapa kitanda chake mwenyewe, yeye akalala kwenye mkeka akidai kwamba mgongo wake unapenda chini.

Matanga hayakuwekwa, maana matanga ya nani? Hakuna mwili, hakuna neno. Na wimbo nao haukuimbwa tena katika nyumba ile. Wanawake hao wawili hawakuwahi kupatana kwa maneno kuhusu jambo hilo. Lilikaa lenyewe. Jirani mmoja aliliona, akahamisha redio yake upande wa pili wa nyumba bila kuombwa.

Joséphine-Marie hakulia. Kifuani mwake palikuwa kama mkono ulioulalia ukafa ganzi. Upo, unauona ni wako, lakini ukiubonyeza haukujibu. Alipika, alilima, alimwogesha mtoto. Watu walipomwambia pole alisema asante.

Kwa hiyo alikwenda kwenye parc kama alivyokwenda shambani. Alimkuta Sylvain, fundi wa sauti aliyetoka Goma na bafle zake nne, zile spika kubwa, na jenereta, ile ambayo watu huita groupe. Alikuwa mtu mwembamba mwenye kucheka haraka. Alikuwa amezisimamisha bafle pembe nne za kiwanja, zote zikipiga muziki mmoja wa mbio, kwa nguvu zote. Alimuuliza anaonaje. Joséphine-Marie alizunguka kiwanja polepole, akasimama hapa, akasimama pale, akainamisha kichwa.

Kisha akaanza kusema kidogokidogo, na Sylvain akawa anahamisha. Kwenye bembea muziki uende kama bembea yenyewe iendavyo, maana ukikimbia, wanaosukuma nao watakimbia, na mtoto ataruka. Kwenye kidimbwi pasiwekwe chochote, mama aweze kumsikia mtoto wake akianguka majini. Kwenye manège kengele zinatosha, pamoja na bafle moja ya sauti ya chini. Mlangoni iwekwe sauti ambayo mtu aliyetoka barabarani, masikio yamejaa pikipiki, ataisikia kabla ya kuona kitu, ili kichwa chake kifike mahali kabla ya miguu. Sylvain alipenda hilo la kichwa na miguu, akalirudia mara kadhaa siku hiyo.

Alikuwa ameleta pia mfuko wa mapulizo ya rangi, yale mapira membamba ya kupuliza, ya kufunga mlangoni. Joséphine-Marie alichukua moja, akaliminya mpaka likapasuka. Huko barabarani wauzaji wawili wa ndizi walilala chini kifudifudi. Sylvain mwenyewe alikuwa amejificha nyuma ya bafle. Alitoka akijifuta magoti, akarudisha mapulizo mfukoni, na jambo hilo halikuzungumzwa tena. Joséphine-Marie alikwenda akawasaidia wale wauzaji kuokota ndizi zao, akawaomba radhi. Mmoja alimpa ndizi mbili ampelekee mtoto.

Hayo yote alipanga vizuri. Kosa lake lilikuwa moja, nalo lilitoka mahali ambapo hakulitazamia. Aliona kwamba watoto watalia wakishushwa kwenye manège, kwa hiyo mzunguko uishe kwa namna inayoeleweka hata na aliye mdogo. Alimwambia Sylvain kwamba kila mzunguko ukiisha, azime kila kitu. Wanaume wasimamishe gurudumu, kengele zitulie, bafle zote zikate pamoja. Kimya. Watoto watajua imekwisha, watashuka, wengine watapanda.

Sylvain aliuliza kama ni zote, hata ya mlangoni.

Alisema zote. Yeye aliishi ndani ya kimya, alikizoea kama mtu anavyozoea giza la chumba chake, akakiona ni mahali pa kupumzikia tu.

Parc ilifunguliwa Jumapili baada ya misa. Watu walikuja na nguo za kanisani, watoto wamepakwa mafuta mpaka wanang'aa. Palikuwa na wenyeji, palikuwa na waliokimbia kutoka Kashuga na kwingineko milimani, na hakuna aliyeweza kuwatofautisha, maana watoto wote walitaka ng'ombe yuleyule mwenye madoa. Naomie alipata mweusi. Alimshika pembe, hakucheka, lakini hakutaka kushuka pia. Aurélie, muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, mwanamke mwenye sauti inayovuka maji, alikuwa akiwapanga watoto kwenye foleni na kuwatania baba zao kwamba wao ndio wanaotaka kupanda ila wanaona haya.

Gurudumu lilizunguka. Kengele zililia. Bembea zilikwenda na kurudi. Papa Édouard alisimama mlangoni na kofia yake mkononi, akimsalimia kila anayeingia kama ni harusi ya binti yake.

Mzunguko ukaisha. Joséphine-Marie akainua mkono. Sylvain akazima.

Watu wa milima hii wamejifunza jambo moja bila kufundishwa na mtu. Kinu kikinyamaza, redio ya baa ikinyamaza, watoto wakinyamaza, vyote kwa mara moja, basi kuna aliyeona kitu. Huulizi ni kitu gani. Unamshika mtoto wako.

Mama mmoja alimshika wake. Wa pembeni yake akamwona, akamshika na yeye. Kisha kiwanja kizima kiliinuka. Hakuna aliyepiga kelele, na hilo ndilo Joséphine-Marie aliloliona kwanza, jinsi wote wanavyojua kukimbia bila sauti. Zilisikika nyayo tu, na pumzi. Wakapita mlangoni kama maharagwe yanavyomwagika kwenye gunia lililotoboka, wakatawanyika barabarani, wengine juu mlimani kwenye mihogo. Yeye alibaki amesimama na mkono bado juu. Hakukimbia. Hakuogopa. Alimtazama Naomie ambaye naye alibaki juu ya ng'ombe mweusi, kwa sababu mama yake hakuja kumchukua, na mtoto huyo alikuwa amejifunza kufanya anavyofanya mama yake.

Huko Walikale, siku ya Luc, msitu ulinyamaza kwanza. Ndege pia. Yeye ndiye angepaswa kukumbuka kuliko wote.

Ashukuriwe Mungu, hakuna aliyefariki. Msichana mmoja aliteguka mguu, baba yake akambeba hadi hospitali. Mzee mmoja aliingia kidimbwini na suti yake ya misa. Aurélie alijikuta juu barabarani na watoto wawili kwapani ambao hakuwazaa, akakaa nao chini, akawapa sambaza zilizokaangwa, mpaka wenye watoto walipotokea. Jioni hiyo watu walipita nyumba kwa nyumba na viatu vya kila namna mikononi, wakiuliza hiki ni cha nani.

Papa Édouard alirudi mwisho kabisa. Aliketi juu ya ng'ombe wa madoa, miguu yake ikigusa chini. Joséphine-Marie alimwendea kumwambia kwamba kosa ni lake. Alimkatiza.

"Parc ni yangu," alisema, "ufunguo wa mulango iko mu mufuko yangu. Na mimi njo nilifika wa kwanza ku barabara."

Sylvain akaanza kucheka, akashindwa kujizuia, na Papa Édouard naye akacheka, machozi yakamtoka. Kisha hayo machozi yakabaki na kicheko kikaondoka. Alisema hatafungua tena. Kama bafle ikizimika kwa groupe kukosa essence tu, mafuta yake, watu watavunjika miguu, afadhali watoto wabaki nyumbani.

Aliyekataa neno hilo ni Aurélie. Alikuja kesho yake na beseni lake kichwani, akasimama mlangoni akamwita Joséphine-Marie kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia.

"Mama Naomie, weye ulitutegea kimya. Kimya ya huku haukuijua, ao kwenu Walikale munakuwaka na ingine?"

Joséphine-Marie alisema alikijua, alikisahau.

"Basi muache hiyo mashine. Tuko bamama hapa. Wimbo yetu imeisha kuanguka chini siku gani?"

Wote waliokuwepo walijua anazungumzia nini. Akina mama wa upande ule wanapolima kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule, husimama mstari mmoja kukata mlima, na wimbo hutembea katika mstari. Mmoja anaimba, na kabla pumzi yake haijaisha jirani yake ameshaupokea. Wimbo haugusi chini mpaka jembe la mwisho lifike mwisho wa shamba. Aliyeuangusha anawapikia wote. Na kila anayeupokea husema analima kwa ajili ya nani, jina la mtu atakayekula kutoka shamba lile. Hutaji marehemu, maana marehemu hali. Aliye safarini unaweza kumtaja, kama una hakika kwamba atakuwepo wakati wa mavuno.

Joséphine-Marie alikuwa amelima katika mistari hiyo tangu alipofika. Hakuupokea wimbo hata mara moja. Akimtaja Luc, atakuwa amesema yuko hai, naye hajui. Asipomtaja, atakuwa amemzika mbele ya mama yake. Wale wanawake hawakumuuliza. Aliyekuwa upande wake wa kushoto alivuta pumzi ndefu zaidi, aliyekuwa kulia akasogea, na wimbo ukapita juu yake kama mtu anavyoruka mfereji. Walifanya hivyo shamba baada ya shamba, na hakuna aliyelisema.

Papa Édouard alikubali. Labda alikuwa akingoja mtu amshurutishe. Joséphine-Marie akapanga upya. Wanawake wataketi kuizunguka manège, kila mmoja na ungo wake wa maharagwe ya kuambua, ili mikono iwe na kazi na isionekane kama wamewekwa pale kuangaliwa. Wenye sauti pana wakae upande wa barabara. Wazee wakae karibu na watoto wadogo. Bafle moja ibaki mlangoni, ya chini, na hata ikizimika asiwepo wa kujua. Yeye atasimama pembeni kuonyesha kwa kidole wimbo uende wapi. Walijaribu siku kadhaa. Sylvain aliketi nao akaambua maharagwe, na nusu yakaruka nje ya ungo, wakamwambia mwanamke atakayeolewa naye ale bafle.

Nyumbani Mama Dorothée aliuliza mara moja tu. Walikuwa wakila.

"Na weye utaimba?"

"Hapana, Mama."

Mama Dorothée alitikisa kichwa taratibu, kama anayepokea salamu. Akachukua kipande cha samaki kilichokuwa upande wake wa sahani, akakisogeza upande wa mkwe wake.

Jumapili iliyofuata watu walikuja wachache, wakasimama karibu na mlango. Halafu kengele zikaanza, wimbo ukaanza, na wakawa wanaingia mmojammoja. Mama Dorothée naye alikuja. Hakuwa amesema atakuja. Alikuja na kigoda chake, akakiweka nyuma ya wanawake, penye kivuli cha paa la manège, ili amwone mjukuu wake anavyozunguka.

Tatizo lilitokea mapema. Mmoja wa wanawake, Généreuse, hakufika kwa kuwa mtoto wake aliamka na homa. Mahali pake palikuwa upande wa ziwa, na bila yeye pengo lilikuwa kubwa mno. Kengele zilipita katikati, wa huku hakumsikia wa kule. Joséphine-Marie alitazama kama kuna mwingine. Hakuna. Akachukua ungo wa Généreuse, akaketi.

Kushoto kwake alikuwa Aurélie. Aurélie alimtupia jicho, akaelewa, na wimbo ulipomfikia aliuinua akaurusha juu ya kichwa cha Joséphine-Marie mpaka kwa mwanamke wa mbele, ambaye aliudaka. Mzunguko wa kwanza ukapita hivyo. Wa pili pia. Gurudumu liliposimama watoto walishuka bila kilio, wengine wakapanda, na wimbo haukuwa umesimama, ukawasindikiza walioshuka hadi kwenye bembea. Watu walianza kuketi kwenye nyasi. Baba mmoja alivua viatu. Joséphine-Marie aliambua maharagwe. Aliona kwamba inafanya kazi, kama mtu anavyoona kwamba sufuria imechemka.

Kisha makapi ya maharagwe yakapeperuka na upepo wa ziwa, yakamwingia Aurélie kooni katikati ya neno.

Alikohoa. Alijaribu kuendelea, akakohoa tena, macho yakamtoka, akamnyooshea Joséphine-Marie mikono yote miwili kama anayemkabidhi mtoto. Wa mbele alikuwa mbali, hakujua kwamba wimbo umekatika huku. Wanaume wa manège walikuwa wamesimamisha gurudumu wakati uleule. Kengele zikatulia.

Joséphine-Marie alifungua mdomo. Halikuja jina. Yalikuja yote mawili, kumtaja na kutomtaja, yakaziba njia. Kwenye nyasi vichwa vilianza kuinuka. Mama mmoja alishaweka mkono juu ya mtoto wake. Yule baba alikuwa akitafuta kiatu.

Sauti ilitoka nyuma yake. Ilikuwa nyembamba, yenye kutu, ya mtu ambaye hajaimba kwa muda mrefu na ambaye hata zamani hakuimba vizuri. Mama Dorothée aliupokea wimbo pale ulipokuwa ukianguka. Aliketi wima kwenye kigoda chake, mikono magotini, akatazama mbele, akaimba.

"Ninalima. Ninalimia nani? Ninalimia Naomie."

Wanawake waliokuwa karibu walisimamisha mikono. Katika mashamba yote ya maisha yake, tangu alipokuwa mama kijana, Mama Dorothée alijulikana kwa jina moja. Alimlimia Luc alipokuwa kifuani, akamlimia alipokuwa shuleni, akamlimia alipooa mbali Walikale na asile tena maharagwe ya mlima ule. Sasa alisema Naomie. Alilisema kwa sauti ya kawaida, bila kulikazia.

Joséphine-Marie alielewa alichofanyiwa. Mzigo ule uliokuwa wa kubebwa na mmoja wao, mama mkwe ameuchukua mbele ya watu, peke yake, ili asiubebe yeye. Alijua ni jambo kubwa. Alingoja limfikie kifuani, hata kwa maumivu. Halikufika. Aliona tu kwamba pumzi ya mama mkwe ni ya mzee, fupi, na inakwisha.

Inakwisha. Hakukuwa na mwingine wa kuupokea wimbo. Aurélie alikuwa bado ameinama akikohoa.

Akaupokea. Sauti ilitoka, ni ile ile ya Walikale, pana na iliyotulia. Aliisikiliza kama anavyosikiliza ya mtu mwingine, akaona imeshuka kidogo, akaipandisha. Kwenye nyasi yule mama aliuondoa mkono wake juu ya mtoto. Wanaume wakausukuma tena ukingo wa gurudumu, kengele zikaamka, na Naomie, aliyekuwa akimwangalia mama yake kutoka juu ya ng'ombe, akazungushwa akapotea upande wa pili.

Ikafika mahali pa jina. Jina lilikuwa pale, tayari, lilikuwa limeketi nyuma yake siku zote.

"Ninalima. Ninalimia nani? Ninalimia Mama Dorothée."

Nyuma yake kigoda kililia kidogo.

"Minakulaka kidogo tu," alisema Mama Dorothée, kwa sauti ya chini, kama anayetaka jambo lieleweke vizuri tangu mwanzo.

Naomie akatokea tena upande huu, mikono yote miwili kwenye pembe. Joséphine-Marie alikuwa bado na pumzi. Akaimba mpaka alipoona mwanamke wa mbele amegeuka na kufungua mdomo, akampa.